Sanduku Lililotekwa Minago

Mwezi uliopita alinijia kijana wa chuo kimoja cha Bujumbura, kavaa vizuri, kompyuta kwapani. Akaniambia anafanya utafiti. Utafiti wa nini, nikamwuliza. Akasema wa mambo matatu: biashara changa zinazoanzishwa kwa mtaji wa Kiislamu, vifaa vya kisasa darasani, na namna ya kuzuia uonevu shuleni. Nikamwambia, "Mwanangu, kwangu mimi hayo si matatu. Hayo yote ni sanduku moja, na sanduku lenyewe liliwahi kutekwa." Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Nikamtilia chai, nikamsimulia mpaka chai ikapoa. Alipoondoka alinipigia simu kutoka njiani, akaniomba niyaandike mwenyewe, maana kwenye maswali yake hakuona pa kuyaweka.

Basi naandika. Na nikianza kuandika habari za Rumonge ya wakati ule moyo unalainika, nivumilieni.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya ufundi wa umeme na kompyuta, nimerudi nyumbani kwa mama, kichwa kimejaa na mfuko mtupu. Kila asubuhi nilikuwa nasikia watoto wa shule ya jirani wakiimba somo la kusoma kwa pamoja, mwalimu anasema, wao wanarudia, na nikajua kabisa nusu yao hawasomi, wanaimba tu. Nikabuni sanduku. La mbao, lenye kishikio, fundi seremala wa mtaani kwetu alilipiga randa mpaka likang'aa. Ndani niliweka tableti ya mitumba, spika, na betri ya kuchajiwa kwa jua. Mtoto anasoma sentensi kwenye kioo, sanduku linamrekodi, halafu akibonyeza kitufe cha njano darasa zima linasikia alivyosoma, naye anajisahihisha. Kitufe cha njano ndicho kilichokuwa fahari yangu. Nilikuwa nakipangusa kwa ncha ya kanga.

Nilikuwa na sanduku moja, la majaribio. Ili nitengeneze mengine nilihitaji mtaji. Nikamwambia mama nitakwenda benki. Lo! Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. "Riba? Ndani ya nyumba hii? Baba yako hajatimiza mwaka kaburini!" Akanituma kwa kaka yake.

Mjomba alikuwa na duka linalotazama soko, anauza nyavu, misumari, tochi na kamba. Mji mzima ulimjua kwa ubahili. Ukienda kununua misumari alikuchagulia iliyopinda, ukilalamika anakuuliza kama nyumbani huna nyundo. Alikuwa mkali, anapenda kahawa chungu, anachukia kelele, na akikutazama juu ya miwani yake unajikuta unatafuta kosa ulilofanya. Sikuwa na tumaini hata kidogo. Nikamfungulia sanduku kwenye kaunta, nikamwomba asome. Akasoma Fatiha, polepole, kwa sauti yake ya kukwaruza. Nikabonyeza kitufe cha njano. Alijisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Kumbe nimezeeka hivi," akasema.

Baada ya sala ya alasiri tulikaa kwenye baraza ya msikiti na mashahidi wawili, tukafunga mudharaba. Alinieleza kama anavyomweleza mteja bei ya nyavu. "Mali yangu, na hili sanduku nalinunua liwe humo; jasho lako. Tukipata faida, nusu kwa nusu. Tukipata hasara, mimi nimepoteza mali, wewe umepoteza jasho, na hakuna wa kumfuata mwenzake mlangoni. Umeelewa, mpwa wangu?" Nikasema nimeelewa. Mashahidi wakasema wamesikia. Tukanywa kahawa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu alilipa yeye.

Yaa, siku zile! Nilikuwa nalifunga sanduku nyuma ya pikipiki, naondoka na ukungu, ziwa liko kushoto kwangu nikienda kaskazini na kulia nikirudi, milima ya Kongo ng'ambo inaanza kuonekana. Nilipeleka masanduku mpaka Kabezi, mpaka Muhuta. Njia nzima inanuka mawese yanayochemshwa. Walimu walikuwa wakinipokea kama bi harusi. Watoto waligombania kitufe cha njano, na mimi nilifikiri wanagombania elimu.

Sanduku la kwanza, lile la fundi wa kwetu, nililiacha Rumonge, katika klasi ya sita. Darasani mle walikuwemo wasichana wawili ninaotaka kuwasimulia. Mmoja alikuwa mjukuu wa mjomba wangu, kiranja wa klasi, mrefu, mrembo, mwenye ulimi. Mimi alikuwa akiniita shangazi, na nilimpenda, kwa sababu alikuwa na akili ya haraka. Wa pili alitoka Minago, kijiji cha wavuvi. Bibi yake alimlea huko, mwanamke wa kuanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, akamleta akae kwa ndugu mjini apate shule nzuri. Huyu binti alikuwa na kigugumizi. Si kidogo. Neno lilikuwa linamkaa kooni, anafumba macho, shingo inakakamaa, halafu linatoka. Likishatoka lilikuwa neno zuri, amelichagua.

Siku alipoitwa kusoma mbele ya sanduku, kiranja alibonyeza kitufe cha njano. Darasa likasikia. Likacheka. Akabonyeza tena. Wakacheka zaidi. Ikawa kila asubuhi kabla mwalimu hajaingia wanaifungua sauti ya yule mtoto, mara mtu akairekodi kwa simu, simu ikaipeleka kwa simu nyingine, na wiki haikuisha nikawasikia vijana wa stendi ya baiskeli wanamwigiza msichana ambaye hata hawajamwona. Nikaenda mbio kwa direkta wa shule.

Direkta alikuwa mtu mpole, hana ubaya. Aliniambia, "Madamu, usijali. Ni utani tu wa watoto."

Na hapa lazima niseme, kosa lile lingefanywa na watu wa kwetu tu. Sisi tumelelewa ndani ya utani. Bibi anamwita mjukuu wake mume, shemeji anakuficha kiatu msikitini, binamu anakutukana sokoni mbele za watu na ukinuna unaonekana mgonjwa. Palipo na kicheko hatutazami mara mbili. Mwalimu, direkta, hata mama yangu, wote walisikia kicheko cha klasi ile wakasema, ah, utani. Mimi niliona si utani, ila sikuwa na maneno ya kueleza kwa nini si utani. Nilipandwa na hasira tu.

Nilipokwenda klasini kesho yake kukizima kitufe, nilikuta nimechelewa. Kiti cha mtoto wa Minago kilikuwa kitupu.

Nikapanda pikipiki mpaka Minago. Nilimkuta ufukweni na bibi yake, wanageuza ndagala juu ya nyavu zilizotandikwa mchangani. Nikasema amahoro. Bibi akaitika. Mtoto aliniangalia, akainama, akaendelea kugeuza samaki.

"Weye ndio mwenye ile mashini?" bibi akaniuliza.

"Ni mimi, bibi."

"Huyu mutoto alikuwa anasema. Na kigugumizi chake, alikuwa anasema kutwa, mpaka namwambia nyamaza kidogo nipumuzike. Sasa iko kimya. Hata chumvi anaiomba na kidole." Akanyoosha kidole kuonyesha anavyoomba. "Munipe mutoto wangu mulivyonikuta naye."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimweleza habari ya kitufe, kicheko, simu, yote. Akasikiliza huku mikono yake inaendelea na kazi. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: nani aliyebonyeza. Nikamwambia ni mjukuu wa mjomba wangu, yule wa duka la misumari, ambaye masanduku ni mali yake.

Mikono ikasimama. "Yule muzee bahili?"

"Ndiye huyo."

"Eeh! Mutani wangu!" Akacheka mpaka akakaa chini. Sikuelewa kinachochekesha. Hapo ndipo nilipojua kwamba babu yake yeye na babu yake mjomba walivuka ziwa pamoja katika mtumbwi mmoja kutoka ng'ambo ya Kongo, na tangu siku hiyo koo zile mbili ni watani. Wa nyumba hii anaweza kumtukana wa nyumba ile hadharani. Anaweza kuingia akachukua kitu bila kuomba, na mwenye kitu hakipati mpaka akikomboe. Na mmoja akifa, wa upande wa pili huja matangani kumtukana maiti ili wafiwa wacheke. Mambo haya yalikuwa yamelala kwa muda. Watu wana shughuli zao.

"Nenda tu," bibi akaniambia. "Salamia mutani."

Siku ya soko nilikuwa klasini nikirekebisha spika. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bibi wa Minago akaingia, kitenge kimefungwa barabara kiunoni, akasalimia darasa zima kwa adabu, akaja mbele, akaliinua sanduku, akajitwika kichwani. Kisha akatoka zake. Watoto midomo wazi. Direkta akamkimbilia uwanjani. "Bibi! Bibi, hiyo ni mali ya shule!"

"Si mali ya shule. Ni mali ya mutani wangu. Aje mwenyewe."

Akapita nalo katikati ya soko, taratibu, bila kulishika, mimi nyuma yake nahema, na watoto nyuma yangu. Mbele ya duka la mjomba akasimama akapaza sauti. "We muzee! Unauza misumari iliyopinda kama miguu yako! Siku utakufa utawaambia wachimbe kaburi fupi, usipoteze nafasi! Sanduku lako nimeliteka. Ukilitaka njoo Minago, na sukari kilo moja, na yule mutoto wako mwenye kidole cha kubonyeza!"

Soko zima likaangua kicheko. Mimi nikajua nimekwisha, mali ya mtu imechukuliwa mbele ya macho yake. Nikamtazama mjomba. Alikuwa anacheka! Machozi yanamtoka, anajifuta kwa ncha ya kanzu. Sijawahi kumwona vile, na sikujua kwamba miaka yote ile mzee yule alikuwa amekosa mtu wa kumtukana.

Bibi alipokwisha kuondoka, aliniita ndani. "Kidole gani hicho cha kubonyeza?"

Nikamweleza. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Akamwita mjukuu wake, akamwuliza mbele yangu kama ni kweli.

"Ilikuwa utani, babu," kiranja akasema.

"Yeye alikutukana nini?"

"Nani?"

"Huyo mtani wako. Ulimtukana, naye akakujibu nini?"

Mtoto akaanza kuchezea misumari ya kaunta.

"Hakukujibu," mjomba akasema. "Mimi yule bibi amenivua nguo mbele ya soko, na kesho nitamvua yeye. Huo ndio utani. Wewe umempiga mtu aliyefungwa mikono, halafu unaniletea neno la babu zangu kujifunika nalo." Hakupaza sauti. Akapima sukari, kilo kamili. Nilishuhudia kwa macho yangu, haikupungua hata chembe.

Tukaenda Minago sisi watatu, yeye na kanzu yake nyeupe, mjukuu wake macho mekundu, na mimi. Desturi ya kukomboa ni hii: unaketi chini kabisa, unasikiliza matusi ya mtani wako mpaka yaishe, hujibu, huinuki. Mjomba akaketi mchangani. Bibi akamshughulikia. Jamani! Alimwanzia miguuni akapanda naye mpaka kwenye kofia, hakuacha kiungo, na wavuvi waliacha nyavu zao wakaja kusikiliza. Sanduku lilikuwa pembeni, juu ya jiwe, karibu na ndagala.

Alipomaliza, akamsukuma mjukuu wake mbele. "Sasa weye. Wako ni yule."

Kiranja akaketi mchangani kama babu yake. Binti wa Minago akasimama mbele yake. Nilikuwa naomba kimya kimya, Ya Rabi, neno moja tu, hata likiwa baya. Akafumba macho. Shingo ikakakamaa. "Sh... sh... sh..."

Kiranja, kwa haraka yake ya siku zote, labda hata kwa kutaka kusaidia, akasema, "Shetani?"

Mjomba akapiga mchanga kwa kiganja. "Mwache! Neno ni lake."

Hakuna aliyecheka. Ziwa lilikuwa linapiga mawe. Tukangoja, wavuvi, bibi, mimi, wote, na sijui tulingoja kiasi gani, lakini najua hakuna aliyetazama pembeni.

"Shingo yako," binti akasema, "ni ya k... ya k... ya kuku aliyekabwa na ndagala."

Bibi alipiga kigelegele. Wavuvi walianguka kwa kicheko. Na kiranja mwenyewe, Mungu amsitiri, alicheka huku analia, anashika shingo yake. Binti alifumbua macho akaona wanavyocheka, na safari hii walikuwa wanamcheka aliyetajwa. Akaendelea. Lo, maneno aliyokuwa ameyaweka ndani! Kila moja lilichukua muda wake, na kila moja tulilingoja. Jua lilipoanza kuzama mjomba akauliza kama yameisha, maana magharibi inakaribia.

"Y... yamebaki," akasema binti.

"Basi nitarudi," mjomba akasema, akinyanyuka kwa tabu na kukung'uta kanzu. "Desturi ni desturi. Haondoki mtu mpaka maneno ya mtani wake yaishe."

Wiki iliyofuata binti alirudi shuleni. Kitufe cha njano niliking'oa kwa bisibisi, mimi mwenyewe, na katika masanduku yote, Kabezi na Muhuta na kote. Sasa mtoto angejisikiliza peke yake, sikioni. Na ndipo biashara ilipokufa. Shule moja baada ya nyingine ziliniambia watoto hawana hamu tena, sanduku limepoa, walikuwa wanapenda kile kitufe. Nilimwendea mjomba nikilia. Nilisema nitafanya kazi yoyote nimrudishie mali yake.

Alinikasirikia kweli kweli. "Tulisemezana nini barazani? Hasara ya mali ni yangu. Wewe umepoteza jasho, nenda ukaoge." Kisha akanimiminia kahawa. "Na ile faida ya Minago je? Niambie wewe uliyesoma, tutaigawa vipi nusu kwa nusu?"

Aliendelea kwenda Minago. Kila alipopata kisingizio cha nyavu, alikwenda kutukanwa. Binti naye akija mjini hapiti dukani bila kuchukua kitu, leo tochi, kesho kamba, na mzee anapiga kelele mwizi, mwizi, huku anafurahi. Kigugumizi hakikwisha, msije mkadhani. Ila alisema nacho.

Bibi alitangulia mbele ya haki. Kisha ziwa likapanda, likala ufuko ule wa ndagala, na lile jiwe tulilokuta sanduku juu yake sasa liko ndani ya maji. Nikipita Minago natazama mahali pale mpaka dereva wa pikipiki ananiuliza kama nimedondosha kitu.

Mvua zilizopita mjomba naye alifariki. Matanga yalikuwa makubwa na yenye heshima, na mazito, hakuna wa kutuchekesha. Watani wa zamani wote walikuwa wamekwisha. Tulikaa kwenye mikeka tunatazamana. Ndipo akaingia mwanamke mmoja, buibui limelowa matope ya njia. Sasa ni mwalimu, anafundisha klasi ya kwanza kule Muhuta. Hakutoa pole. Alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda cha marehemu, akakichukua, akakiweka kwapani, akatugeukia. Sheikh akaelewa kinachokuja, akajifanya anatafuta viatu vyake.

Akafumba macho. "M... m... m..."

Kijana mmoja wa Bujumbura, mkwe asiyejua mambo yetu, akamsaidia: "Mzee wetu?"

Kiganja kikapiga mkeka. Alikuwa yule kiranja wa zamani, sasa mama wa watoto, macho yamevimba kwa kumlilia babu yake. "Mwache! Neno ni lake."

Tukangoja. Nyumba nzima ikangoja.

"Muzee bahili," akasema mwanamke wa Minago, "wamekuchimbia kaburi refu. Hapo umek... umekula hasara." Watu wakaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu kumzika, na wanawake wa ndani wakapiga kigelegele. Yeye hakucheka. Alikikumbatia kile kigoda kifuani, na maneno yakamchukua muda mrefu kuliko yote niliyowahi kumngojea.

"Na ulisema haondoki mtu mpaka y... mpaka yaishe. Mbona umeinuka? Yangu hayajaisha."